Mtakwimu kiwandani: maswali ninayoulizwa kila mara

Maswali haya nimeyaokota kwenye mageti ya viwanda, kwenye chai ya saa nne, na kwenye simu za mameneja ambazo hulia usiku mzigo ukisharudishwa na mteja. Majibu ni yangu. Mwenzangu wa kazi hii anaweza kuyajibu kwa namna nyingine, na tukikutana tutabishana.

Mtakwimu si mtu wa sensa? Kiwandani anatafuta nini?

Swali hili huanzia kwa mlinzi. Mmoja aliwahi kuniambia sensa ilishafanyika 2022, kwa hiyo nimechelewa.

Takwimu za kiwandani zinashughulika na kero moja: vitu vinavyotakiwa kufanana havifanani. Pakiti mbili zimetoka mashine moja, dakika moja, na uzito haulingani. Sabuni ya zamu ya asubuhi ni ngumu kuliko ya jioni. Chai ya wiki hii ina rangi nzuri, ya wiki iliyopita imepauka, na hakuna anayekumbuka kubadilisha chochote. Kazi yangu ni kusaidia kujua tofauti ipi ni ya kawaida kwa mashine ile, ipi ina kisa chake, na kisa hicho kitafutwe wapi. Nasema "kusaidia" kwa sababu mimi sijui kupika sabuni. Anayejua yupo pale kiwandani, amevaa ovaroli, na mara nyingi hajawahi kuulizwa.

Hii ni fani mpya iliyokuja na kompyuta?

Ni ya zamani kuliko watu wengi wanavyodhani, na mmoja wa waasisi wake alikuwa mtu wa kiwanda cha bia. William Sealy Gosset aliajiriwa na Guinness, Dublin, mwaka 1899. Alisomea kemia na hisabati Oxford, na kampuni ilikuwa ikiajiri vijana wa namna hiyo ili upikaji wa bia usitegemee pua na uzoefu peke yake. Shida aliyoikuta ni ile ile ninayoikuta mimi leo. Vipimo ni vichache. Shayiri hujaribiwa kwenye mashamba machache, kwa msimu mmoja kwa mwaka, na kila kipimo kina gharama. Hesabu za wakati ule zilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye vipimo mamia na maelfu. Yeye alikuwa navyo vinne, au kumi.

Kampuni ikampeleka London mwaka 1906 akakae kwenye maabara ya Karl Pearson, bingwa wa takwimu wa zama hizo. Mwaka 1907 akachapisha makala kuhusu makosa yanayotokea mtu anapohesabu chembe za hamira kwa hadubini, na 1908 ikatoka ile iliyomfanya akumbukwe, kuhusu wastani unaotokana na vipimo vichache. Jina lake halikuandikwa. Guinness haikuruhusu wafanyakazi wake kuchapisha kwa majina yao, hivyo akajiita "Student", mwanafunzi. Mpaka leo kila anayesoma takwimu chuoni hukutana na "jaribio la t la Student", njia iliyotokana na makala hiyo, na wengi wanadhani Student ni jina la ukoo wa profesa fulani.

Ninalolipenda kwenye habari hii ni jinsi kazi ilivyogawanyika. Swali lilitoka kwenye mashamba ya shayiri. Gosset akalipa umbo la hesabu. Mwaka 1912 kijana R. A. Fisher, aliyekuwa Cambridge, akamwandikia barua yenye uthibitisho kamili wa kihisabati ambao Gosset mwenyewe hakuwa ameukamilisha. Mkulima, mpika bia na mwanahisabati, kila mmoja alileta kipande chake.

Tuna data za miaka mitatu kwenye Excel. Tukikutumia kwa barua pepe, si inatosha?

Nitumie, nitaisoma. Lakini nitakuja.

Niliwahi kupewa rekodi za miezi mitatu za kiwanda cha mafuta ya kula. Wenye maduka walikuwa wakilalamika kwamba chupa hazijai, na rekodi zilionyesha kwamba hakuna hata chupa moja iliyopungua. Hata moja! Siku nilipokwenda nikasimama nyuma ya mkaguzi wa ubora, kijana mwenye bidii na mwandiko mzuri. Akachukua chupa, akaipima, ikapungua. Akairudisha kwenye mstari ikajazwe, akachukua nyingine, ikatimia, akaandika hiyo. Nilipomuuliza akashangaa: angeandikaje chupa ambayo ameshairudisha? Kwake daftari lilikuwa orodha ya chupa zinazokwenda sokoni, na katika zile alizozishika yeye alikuwa mkweli kabisa. Sisi tulilisoma kama picha ya mashine.

Hakuna programu ambayo ingeliona hilo kwenye safu za namba. Fisher, yule yule wa barua, aliwaambia watakwimu wa India mwaka 1938 kwamba kumwita mtakwimu baada ya jaribio kwisha ni kumwomba afanye uchunguzi wa maiti; labda atakwambia jaribio limekufa kwa ugonjwa gani. Niite mgonjwa akiwa bado anatembea.

Kwa nini kila ukija unaanza na mizani?

Kwa sababu mara nyingi tatizo mnalolifukuza limekaa kwenye mizani. Nachukua pakiti kumi, nazipa namba kwa chini mahali pasipoonekana, nawaomba wapimaji watatu wazipime mara mbili mbili bila kujua wanarudia. Kama mpimaji mmoja anapata majibu mawili tofauti kwa pakiti ile ile, basi sehemu ya "tofauti za bidhaa" ni tofauti za mikono na mizani. Zoezi lenyewe linachukua saa mbili. Nimeona kiwanda kikitaka kununua mashine mpya ya kujazia wakati kilichohitajika ni meza isiyotikisika, kwa sababu mizani iliwekwa karibu na kompresa.

Pakiti zetu za unga za kilo 2 hazipungui. Tunazijaza zaidi kidogo ili tuwe salama. Kuna ubaya?

Ubaya wake unahesabika, basi tuuhesabu.

Pendekezo namba 87 la Shirika la Kimataifa la Upimaji wa Kisheria, ambalo nchi nyingi hulifuata katika bidhaa zilizofungashwa, linadai mambo kadhaa, na mawili ndiyo yanayonihusu hapa. La kwanza, wastani wa shehena usiwe chini ya uzito ulioandikwa. La pili, pakiti zilizopungua kupita kiwango kinachovumiliwa zisizidi asilimia 2.5. Kwa bidhaa ya kuanzia kilo 1 hadi 10 kiwango hicho ni asilimia 1.5, yaani gramu 30 kwa pakiti ya kilo 2. Mstari wetu basi uko kwenye gramu 1,970.

Sasa chukua mashine mbili. Ya kwanza ina mtawanyiko wa gramu 15. Namaanisha kile kipimo ambacho vitabu hukiita mchepuko sanifu, na ambacho kwa mashine iliyotulia hufanya takriban theluthi mbili za pakiti ziangukie ndani ya gramu 15 juu au chini ya wastani. Ili asilimia 2.5 tu zianguke chini ya 1,970, wastani unatakiwa uwe karibu mara mbili ya mtawanyiko juu ya mstari huo, kiasi cha gramu 1,999. Ukiiweka mashine kwenye 2,000 kamili umetimiza masharti yote mawili. Mashine ya pili ina mtawanyiko wa gramu 25. Hesabu ile ile inakupeleka gramu 2,019. Kila pakiti unampa mteja gramu 19 ambazo hajazilipia na wala hatazigundua.

Kiwanda kinachofunga pakiti 40,000 kwa siku kitakuwa kimegawa kilo 760 za unga. Pakiti 380 kwa siku, kila siku, zinaondoka na hakuna mwizi wa kumkamata. Meneja wa fedha akiiona hesabu hii huwa anaacha kuniuliza malipo yangu ni ya nini.

Dawa yake haiko kwenye kuongeza unga wala kuupunguza. Ni kutafuta kinachozifanya pakiti zitofautiane: unga unaoshikamana kwenye faneli, kiwango cha unga kwenye tangi la juu kinachopanda na kushuka, geti la mashine linalochelewa kufunga. Hapo ndipo fundi mitambo anapokuwa na thamani kuliko mimi.

Opereta wetu makini sana. Pakiti ikipungua anarekebisha mashine papo hapo. Si ndiyo bidii?

Ni bidii inayoharibu kazi, na kumweleza mtu hivyo bila kumvunja moyo ni ufundi ambao bado najifunza.

Tuseme mashine imetulia, na pakiti zinacheza juu na chini ya wastani kwa kawaida yake. Imetoka moja iliyopungua gramu 20. Opereta anaongeza gramu 20. Lakini upungufu ule ulikuwa wa bahati tu; pakiti iliyofuata ingekuwa ya kawaida hata bila kuguswa. Sasa inatoka imezidi, anapunguza, inayofuata inapungua, anaongeza. Hesabu inaonyesha kwamba anayerekebisha namna hii kila mara, kwa kiasi kile kile cha kosa la mwisho, anaukuza mtawanyiko kwa asilimia 41 hivi. W. Edwards Deming, mtakwimu wa Marekani, alikuwa akiwaonyesha watu jambo hili kwa faneli na gololi: unadondosha gololi ukilenga alama, kisha unasogeza faneli kila gololi inapokosa. Anayesogeza hushindwa na anayeiacha faneli mahali pake.

Basi opereta ajue vipi lini aguse na lini aache? Jibu lilitolewa tarehe 16 Mei 1924 na Walter Shewhart, aliyekuwa Western Electric, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikitengeneza vifaa vya simu. Alimwandikia bosi wake waraka wa ukurasa mmoja, na ndani yake mlikuwa na mchoro wa kile kinachoitwa leo chati ya udhibiti. Katikati pana mstari wa wastani, juu na chini pana mipaka iliyopigwa kutokana na mtawanyiko wa mashine yenyewe, mara tatu kila upande. Nukta ikiwa ndani ya mipaka na haina mwenendo wa ajabu, endelea na kazi. Ikitoka nje, simamisha na utafute kisa. Karatasi, penseli na rula vinatosha. Deming aliifundisha Japani kuanzia mwaka 1950, alipoalikwa na umoja wa wanasayansi na wahandisi wa huko, na waliichukua kwa moyo kiasi kwamba mwaka uliofuata wakaanzisha tuzo yenye jina lake.

Naomba kitu kimoja tu: chati ibandikwe kwenye mashine, ijazwe na opereta mwenyewe. Ikihamia kwenye kompyuta ya ofisini imekufa.

Tunataka kujaribu mabadiliko. Si ni salama zaidi kubadilisha kitu kimoja kimoja?

Hivyo ndivyo tulivyofundishwa sekondari, na darasani inafaa. Kiwandani inakula pesa na inaweza kukuficha jibu.

Chukua kiwanda cha chai. Majani yananyaushwa, yanakatwa, yanachachushwa, yanakaushwa. Tuseme mna mashaka na mambo matatu: kiasi cha maji kinachobaki baada ya kunyausha, joto la kuchachushia, na muda wa kuchachusha. Mkijaribu kila kimoja katika hali mbili, michanganyiko yote ni minane; kila jaribio moja nitaliita mchomo. Fanyeni yote minane, kwa mpangilio wa kura. Mkitaka kujua kazi ya joto, mnalinganisha michomo minne ya joto la juu na minne ya joto la chini. Mkitaka kujua kazi ya muda, mnatumia michomo ile ile minane, mkiipanga upya. Kila mchomo unafanya kazi mara tatu. Kwa njia ya kimoja kimoja, kupata uhakika ule ule kungehitaji michomo 16.

Faida kubwa zaidi ni nyingine. Joto na muda huwa vinasaidiana au kupingana. Muda mrefu unaweza kufaa kwenye joto la chini na kuiharibu kabisa chai kwenye joto la juu. Anayebadilisha kimoja kimoja hataliona hilo, atakaa miaka akisema "muda mrefu ni mbaya" kwa sababu aliujaribu kwenye joto moja tu. Waonjaji nao wasijue kikombe kipi kimetoka wapi. Muonjaji hodari ndiye anayehitaji kufichwa zaidi, kwa kuwa ana maoni yake tayari.

Chanzo tunakijua, ila hatuna pesa za kukiondoa. Tufanyeje?

Mwaka 1953 kampuni ya vigae ya Ina, Japani, ilikuwa na tanuri refu ambalo joto lake halikuwa sawa. Vigae vya pembeni vilipata joto tofauti na vya katikati, vikatoka na ukubwa tofauti. Tanuri jipya lilikuwa ghali. Wahandisi wake wakapanga majaribio juu ya udongo wenyewe, wakibadilisha viambato kwa pamoja, na wakagundua kwamba chokaa ikipandishwa kutoka asilimia 1 hadi 5 vigae haviyumbishwi tena na joto lile. Tanuri likabaki na ubaya wake. Kisa hiki kilisambaa duniani kupitia Genichi Taguchi, mhandisi wa Kijapani, aliyejenga juu yake njia nzima ya kubuni bidhaa zinazovumilia mazingira mabaya. Wenzangu wengi, nami nikiwemo, tunabishana na baadhi ya hesabu za Taguchi, lakini wazo hilo hakuna anayelibishia. Kwa viwanda vyetu, ambako umeme unacheza na malighafi hubadilika kila msimu wa mavuno, ni wazo lenye faida mno.

Mkaguzi amekusanya rekodi za siku zote tulizopata hitilafu. Zatosha?

Hapana. Niletee na siku ambazo hamkupata hitilafu.

Usiku wa tarehe 27 Januari 1986 wahandisi wa Marekani walijadiliana kwa simu kama chombo cha anga za juu cha Challenger kirushwe asubuhi yake. Utabiri wa hali ya hewa ulikuwa wa baridi isiyozoeleka Florida, chini kidogo ya nyuzi 0. Wasiwasi ulikuwa juu ya pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi. Waliangalia safari za nyuma ambazo pete zilipata madhara, wakaona yametokea kwenye baridi na kwenye joto, na kwa hiyo uhusiano haukuonekana wazi. Safari ambazo pete zilirudi bila madhara hazikuwekwa kwenye mchoro. Tume ya uchunguzi ilipoziweka zote, picha ikabadilika: safari zote nne zilizorushwa kwenye nyuzi 17 au chini zilikuwa na madhara, na katika 20 zilizorushwa kwenye nyuzi 19 au zaidi zilikuwa tatu tu. Chombo kilirushwa, kikasambaratika angani, na watu saba waliokuwamo wakafa asubuhi ile.

Wahandisi wale hawakuwa wajinga, na baadhi yao walipinga kurusha kwa nguvu zote. Walikosa mtu wa kuuliza swali dogo: safari nyingine ziko wapi?

Sampuli ngapi zinatosha? Tumezoea asilimia 10.

Asilimia 10 haina msingi. Anayenunua mahindi anajua kutumia bambo: hachimbi sehemu ya kumi ya gunia, anachoma hapa na pale, mpaka chini, kwa sababu muuzaji ameweka punje nzuri mdomoni mwa gunia. Idadi inategemea vitu vitatu: bidhaa inatofautiana kiasi gani, tofauti ndogo kiasi gani inakuuma, na ukikosea unapoteza nini. Ukubwa wa shehena unachangia kidogo sana.

Wakati mwingine huhitaji kuamua idadi mapema. Mwaka 1943, katika Vita vya Pili, watakwimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, waliletewa swali kutoka jeshini: kwa nini tumalize majaribio yote ya silaha wakati mzoefu anaona mapema kwamba mambo yameshaamuliwa? Mmoja wao, Abraham Wald, akatengeneza njia ya kupima moja baada ya nyingine na kusimama pale ushahidi unapotosha. Njia hiyo ilifanywa siri mpaka vita vikaribie kwisha. Naitumia pale ambapo kupima ni kuharibu, kwa mfano kufungua makopo ya samaki.

Nani awe mezani unapoanza kazi?

Mwenye tatizo, mwenye mashine, mwenye pesa, na mtu wa zamu ya usiku. Wa mwisho ndiye anayesahaulika, na mambo mengi hutokea usiku.

Mfano wangu wa ushirikiano ni George Box. Alianza kama mkemia katika jeshi la Uingereza wakati wa vita, kwenye utafiti wa sumu za gesi. Matokeo yalikuwa yakitofautiana mno, akasema wanahitaji mtakwimu. Hakukuwa naye. Ikabidi ajifunze mwenyewe vitabuni. Mwaka 1948 akaingia ICI, kampuni ya kemikali, kwenye kitengo cha rangi huko Manchester, na mwaka 1951 yeye na mkemia K. B. Wilson wakatoa makala iliyoonyesha jinsi ya kupanda hatua kwa hatua kuelekea hali bora ya mtambo, kama mtu anayepanda kilima gizani kwa kupapasa mwinuko. Angalia majina mawili yale: mtakwimu na mkemia. Baadaye, 1957, Box akapendekeza mabadiliko madogo sana yafanywe na waendeshaji wenyewe huku uzalishaji ukiendelea, bidhaa zikiuzwa kama kawaida, mtambo ukifundisha taratibu. Alimwoa binti yake Fisher, ila hilo halihusu viwanda.

Mezani naomba pia sheria moja: meneja asizungumze kwanza. Akisema kwanza, wote tutakuwa tumekubaliana naye.

Programu na akili mnemba siku hizi zinachambua zenyewe. Mtakwimu wa nini?

Nazitumia, na zimenipunguzia kazi ya mikono. Kamera inayotambua kifuniko kilichokaa upande inamshinda mtu aliyechoka saa tisa usiku. Ila rudi kwa yule kijana wa chupa za mafuta. Programu ingejifunza kutoka daftari lake kwamba mashine ni kamilifu.

Siri za kiwanda zitabaki siri?

Tunasaini mkataba kabla sijaona namba. Ukitaka nijiite Mwanafunzi, nipo tayari.

Mtakwimu mmoja anaweza kila kitu? Ninyi wenyewe mnashirikiana wapi?

Hawezi. Mimi sijui lolote la maana kuhusu uchakavu wa mabomba. Nikikutana nao natafuta anayejua. Oxford ulianza mwaka 1968 utaratibu ambapo kampuni huja Jumatatu na matatizo yao, wanahisabati hukaa nayo wiki nzima, na mwisho wa wiki wanasimama kusema walichopata. Utaratibu huo umefika nchi nyingi, Afrika Kusini ikiwemo. Ulaya ina mtandao wa watakwimu wa biashara na viwanda, ENBIS, ulioanzishwa mwaka 2000. Wamarekani Roger Hoerl na Ronald Snee wamekuwa wakitetea kile wanachokiita uhandisi wa takwimu: tatizo kubwa haliponi kwa kanuni moja ya kitabuni, linahitaji zana kadhaa ziungwe kwa mpango, kama fundi anavyounga injini. Kwetu, Chuo Kikuu cha Kilimo Sokoine, Morogoro, kina maabara ya kusaidia watafiti kwa takwimu, na ingefaa viwanda viige kubisha hodi sehemu kama hizo.

Mwanangu anasoma takwimu. Afanye nini ili apate kazi viwandani?

Vyuo vipo, Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, Dar es Salaam, kimekuwepo tangu 1965. Asome majaribio na chati za udhibiti hata kama mtihani haziulizi. Kisha akifika mafunzo ya vitendo akatae kiti cha ofisini wiki ya kwanza. Avae buti, awasalimie watu wa zamu kwa majina, apakie maboksi nao.

Umewahi kukosea?

Zaidi ya mara moja. Linalonirudia ni la kiwanda cha sabuni. Niliwapangia majaribio manane ya siku mbili, na kwa haraka sikupiga kura ya mpangilio. Nikaweka joto la chini Jumatatu na joto la juu Jumanne, ili boila isisumbuliwe kupandishwa na kushushwa. Matokeo yakatoka mazuri kupita kiasi. Joto la juu lilikuwa linaleta sabuni ngumu, bila ubishi. Nikaanza kuandika ripoti.

Wakati wa chai mzee mmoja wa pale kwenye masufuria akanisogelea. "Mtaalamu," akasema, "yale mafuta ya jana umeyaona? Ya leo siyo yale. Lori limeingia alfajiri."

Nikaichana ripoti. Tulirudia majaribio yote wiki iliyofuata, safari hii kwa kura, boila ikasumbuliwa, na mzee yule ndiye aliyeshika kofia yenye vikaratasi. Joto lilikuwa na kazi ndogo sana. Mafuta ndiyo yaliyokuwa yakibadilika.